Dona, ulezi na kamba ya kuruka: kipi kinadumu, kipi kinaachwa wiki ya pili

Muulize mtu kwa nini ameacha kula dona, atakwambia, "Lilinishinda." Fungua ndoo yake ya unga unuse. Unga umekaa wiki tisa juu ya kabati, jirani na jiko, una uchungu unaobaki nyuma ya ulimi, na ugali wake unakwaruza koo. Unga wa namna hiyo ungemshinda yeyote, hata aliyeapa mwaka mpya mbele ya ndugu zake wote.

Hapa tunapima bidhaa tatu za bei ndogo ambazo watu hununua wakitaka kurudi kwenye vyakula vya asili na kuuchangamsha mwili: unga wa dona, unga wa ulezi, na kamba ya kuruka. Swali letu ni moja. Baada ya miezi mitatu, mtu wa kawaida mwenye jiko la gesi au la mkaa, anayetoka kazini jioni kachoka, bado atakuwa anaitumia? Vingi vinavyoachwa vinaachwa kwa sababu vilinunuliwa vibaya, vikahifadhiwa vibaya au vikapikwa vibaya, halafu lawama akabebeshwa mlaji kwamba hana moyo.

Dona

Punje ya hindi ina ganda la nje, ambalo ndilo pumba. Ina wanga mweupe uliojaza sehemu kubwa. Na ina kiini, kile kipande kidogo cha manjano karibu na ncha. Kiini ni kama asilimia 11 tu ya uzito wa punje, lakini ndicho kimebeba karibu mafuta yote na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Mahindi ya sembe hupita kwanza kwenye kinu cha kukoboa, pumba na kiini vikaenda kwa wafuga kuku, kisha kilichobaki kikasagwa. Dona husagwa lote lilivyo. Gunia la kilo 100 likisagwa dona hutoa kilo 97 au 98. Likikobolewa, sembe hutoka kilo 70 hadi 80, kutegemea limepitishwa kinuni mara ngapi. Kwa hesabu hiyo dona lilipaswa kuwa nafuu kila mahali. Ukilikuta limefungwa kwenye mfuko wenye picha ya shamba na bei yake imeipita sembe, ujue sehemu ya hela yako imelipia picha.

Faida yake ni ya kweli, ila ina mipaka. Gramu 100 za dona zina nyuzinyuzi gramu 7 hivi, na sembe lililokobolewa sana halifiki hata karibu na nusu ya hizo kwa aina nyingi. Nyuzinyuzi ndizo zinazokufanya ukae na shibe hadi jioni bila kutafuta maandazi saa kumi. Lakini kwa nguvu, yaani kalori, dona na sembe ni ndugu: kilokalori 350 na kitu kwa gramu 100. Mlima wa ugali ni mlima tu, uwe mweupe au wa kijivu. Aliyeahidiwa kwamba dona peke yake litampunguza tumbo kadanganywa, na huyo ndiye wa kwanza kuliacha akipanda mzani mwisho wa mwezi.

Mafuta yale yale ya kiini yanayolipa dona thamani ndiyo yanayoliharibu. Punje ikiwa nzima, mafuta yamefungiwa ndani. Ikishasagwa yanakutana na hewa na joto, yanaanza kuharibika, na uchungu unaingia. Kwenye joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, unga wa dona ulio kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, mahali pasipo na jua, hukaa vizuri wiki tatu hadi nne. Juu ya jiko hauvuki wiki mbili. Ukiwa na friji na nafasi, mfuko uliofungwa vizuri unavuta miezi miwili bila shida. Sembe hukaa miezi kwa sababu chenye kuoza kilishaondolewa.

Unaweza kulipata dona kwa njia tatu, na njia hizo zinatofautiana sana.

Njia bora ni kununua mahindi ukasagisha mwenyewe. Debe moja lina kilo 18 hivi, na familia ya watu wanne inayosonga ugali mara moja kwa siku, gramu 600 za unga, inalimaliza kwa mwezi mmoja, kabla unga haujachoka. Usisagishe zaidi ya hapo. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini, yaani Ruvuma, Rukwa, Mbeya, Iringa na Njombe, huvunwa kuanzia mwezi wa tano, kwa hiyo kuanzia katikati ya mwaka unapata mapya masokoni. Mwezi wa kwanza au wa pili unanunua yaliyolala ghalani miezi mingi, na hapo macho yako yafanye kazi zaidi.

Angalia ukavu kwanza. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, jaza mahindi theluthi moja, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, kisha iache robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji mengi, zaidi ya asilimia 15, na hayo usiyaweke ndani. Kiwango kinachotakiwa kwa kuhifadhi ni asilimia 13.5 au chini yake.

Kisha chambua. Hii ndiyo hatua ambayo mla dona hawezi kuiruka. Sumukuvu, ile sumu inayotolewa na ukungu wa mahindi, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Kukoboa huondoa sehemu yake kubwa, dona linabaki nayo yote. Kuchemsha hakuiui. Mwaka 2004 iliua watu 125 upande wa Ukambani nchini Kenya, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mwaga debe lako kwenye ungo, kidogo kidogo, mchana kweupe. Toa punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye kijani, kijivu au weusi, na zilizotobolewa na fukusi au dumuzi, kwa sababu tundu la mdudu ndilo mlango wa ukungu. Zilizobaki zioshe haraka kwenye beseni la maji. Zinazoelea nazo zitupe. Anika juani mpaka zigonge zikidondoka kwenye sahani. Maji hayo pia yanapunguza dawa ya unga ambayo wenye maghala hupakia kuzuia wadudu, na muuzaji aulizwe waziwazi kama mahindi yana dawa na iliwekwa lini. Zile punje ulizotoa usimpe kuku wala ng'ombe wa maziwa: sumu inapita hadi kwenye maziwa, inakurudia kwenye kikombe cha chai.

Kazi hiyo inachukua kama saa moja kwa debe. Asiye na saa hiyo asome aya za njia nyingine hapa chini, asijidanganye kwamba ataifanya Jumapili ijayo.

Mashineni kuna mambo mawili ambayo watu hawayasemi. Muulize mwenye mashine ametumia chekeche gani. Chekeche lenye matundu makubwa linatoa unga wenye chenga, na chenga ndizo zinazofanya watoto wakatae. Lenye matundu madogo linatoa unga laini lakini unatoka wa moto sana, na unga wa moto ukifungwa papo hapo kwenye mfuko wa nailoni unatoa jasho, jasho linalowesha unga, wiki moja baadaye una madonge na harufu ya uvundo. Fika nyumbani, umwage kwenye mkeka safi au turubai kivulini saa moja au mbili, upoe kabisa, ndipo uingie ndooni. La pili ni chuma. Nyundo za mashine zikiwa mpya, au zikiwa zimechakaa zinagonga, huachia vumbi la chuma kwenye unga. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ivalishe mfuko wa plastiki, ipitishe kwenye bakuli la unga. Ikitoka na ndevu nyeusi, chekecha unga huo wote na sumaku mkononi, na safari ijayo tafuta mashine nyingine. Halafu kama unaweza, panga foleni nyuma ya mwenzako anayesaga dona. Ukimfuata aliyesaga muhogo au mchanganyiko wa karanga, kilo ya kwanza ya unga wako ni yake.

Njia ya pili ni unga wa kupimiwa kwa kilo, ule unaokaa wazi kwenye gunia lililokunjwa mdomo. Huu ndio wa kupita mbali. Hujui ulisagwa lini, hujui mahindi yalichambuliwa au la, na kila mteja anayepita ameingiza kibaba chake. Wapo wauzaji waaminifu wanaosaga kila siku mbili tatu na gunia linaisha. Kwa hao chota chembe, weka ulimini, tafuna. Unga mzima una utamu wa mbali. Ukiona ulimi unachachatika au uchungu unakuja sekunde chache baadaye, rudisha.

Pakiti za dukani zinashika nafasi ya kati. Kiwanda kinachofuata taratibu hupima mahindi kabla ya kusaga, na kiwango kilichowekwa kwa nchi za Afrika Mashariki ni sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Hilo huwezi kulipima kwenye ungo wako, kwa hiyo ni hoja kubwa ya kununua pakiti. Viwanda vikubwa pia hutakiwa kuongeza madini na vitamini, na mashine ya mtaani haiongezi. Ubaya ni muda. Soma tarehe ya kusagwa, achana na ya mwisho wa matumizi peke yake. Nyingi huandika miezi sita, na dona la miezi mitano lililopigwa jua kwenye rafu ya mbele ya duka limeshachoka hata kama karatasi inasema bado. Chukua lililosagwa chini ya miezi miwili, pakiti ya kilo 2 badala ya 5 au 10. Bonyeza mfuko: unga mzuri unateleza, uliopata unyevu unashikana. Kenya mambo ni hayo hayo kwa majina mengine. Unga wa mashine ya posho unasifiwa kwa ladha na pakiti inasifiwa kwa usalama, na wote wawili wanaosifu wana haki.

Hukumu: la kusagisha mwenyewe, nyota tano kwa mwenye muda. La pakiti mpya, nyota nne. La kupimiwa, mbili, na hizo mbili ni za muuzaji mwaminifu.

Kulipika lisikatae kulika

Kosa la kwanza ni kulipika kama sembe. Pumba hunywa maji taratibu na nyingi, hivyo ukitumia vipimo vya zamani unapata ugali mkavu nje, mbichi ndani. Kwa watu watatu tenga maji lita moja na robo na unga gramu 500. Chukua ile robo lita ikiwa baridi, koroga humo konzi tatu za unga. Maji mengine yakichemka, mimina uji huo huku unakoroga, uache utokote dakika 6 hadi 8 moto wa kati, ukiugeuza. Watu wengi wanaupa uji dakika mbili, na hapo ndipo ugali wa dona unapoharibikia, maana pumba hazijalainika. Kisha unga uliobaki uingie kwa mafungu matatu, siyo wote kwa pamoja, ukisonga na kukandamiza kwenye ukingo wa sufuria ili kuvunja mabuja. Punguza moto, songa dakika 8 au 10. Ukiona unapasuka, nyunyizia maji ya moto vijiko viwili. Funika dakika tano za mwisho.

Utajua umeiva kwa pua kabla ya macho: harufu ya unga mbichi inaondoka, inakuja ya hindi la kuchoma. Ugali unaachia sufuria, ukoko unabaki chini, na kidole kilicholowa hakinati.

Anayeanza asiruke moja kwa moja. Wiki mbili za mwanzo changanya dona fungu moja na sembe mafungu mawili, wiki mbili zinazofuata nusu kwa nusu, halafu nenda dona tupu. Sababu ni tumbo. Nyuzinyuzi zikipanda ghafla huleta gesi na kujaa, na siku ya tatu mtu anasema dona halimpendi. Kunywa maji ya kutosha, acha tumbo lizoee. Wasiovumilia chenga wachekeche unga nyumbani kwa chekeche la kawaida. Pumba kubwa tu ndizo zitabaki juu, kama konzi moja kwa kilo, na kiini kitapita. Hilo linaokoa ndoa nyingi na dona.

Mwisho wa dona: chai ya rangi isifuate ugali papo hapo. Chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye nafaka na mchicha. Iache ipite saa moja. Kwenye mboga kamulia ndimu, au kula embe au chungwa baada ya mlo. Hiyo inasaidia chuma kuingia.

(Wanaotaka mahindi ya njano nao wana hoja, kwa sababu rangi hiyo ni ya familia moja na ya karoti na mwili huitumia kutengeneza vitamini A. Lakini waliokula unga wa njano, ule ulioitwa wa Yanga, miaka ya 1980 hutawashawishi, na si kazi ya tathmini kuwashawishi.)

Unga wa lishe wa nafaka kumi

Huu haumo kwenye zile bidhaa tatu, lakini unauzwa kila kona: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga na vingine, vyote kwenye mfuko mmoja. Tunasema usinunue. Nafaka tano si bora kuliko mbili, maana kimsingi zinaleta kitu kimoja, wanga. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa ina vitu vinavyozuia mwili kutumia protini, na kwa kuangalia unga huwezi kujua kama ilichemshwa. Karanga zilizosagwa humo zinaleta mafuta mengi yanayochacha haraka, na karanga ni rafiki mkubwa wa sumukuvu kama mahindi. Kiungo kimoja kikiharibika, mfuko mzima umeharibika, nawe huwezi kujua ni kipi. Pika uji wa nafaka moja au mbili, karanga ulizokaanga mwenyewe zipondwe zitiwe kwenye uji siku ile ile.

Ulezi

Wakenya wanauita wimbi. Katika nafaka zetu za kawaida hakuna inayoufikia kwa kalisi: gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300, ukiyapita mahindi kwa mbali. Uji wake unakaa tumboni, na rangi yake ya udongo haimdanganyi mtu.

Adui wa ulezi ni mchanga. Punje ni ndogo mno na hupurwa chini, kwa hiyo changarawe zinaingia na ungo hauzitoi zote. Ukisaga hivyo hivyo, uji unalia kati ya meno, na mtoto aliyeung'ata mchanga asubuhi moja hataugusa mwezi mzima. Dawa ni maji na mabakuli mawili. Tia ulezi kwenye bakuli la kwanza na maji mengi, zungusha kwa mkono, halafu mimina maji pamoja na punje zinazoelea kwenye bakuli la pili, polepole, ukiacha kijiko cha mwisho chini. Hicho kijiko ndicho chenye mchanga. Rudia mara nne au tano mpaka kidole kikipita chini ya bakuli kisisikie kitu. Anika siku nzima ya jua kabla ya kusaga.

Ukinunua unga uliokwisha kusagwa, upime kabla ya kuupeleka jikoni. Kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika kumi, mwaga taratibu, sugua kitako cha glasi kwa kidole. Muuzaji anayekasirika kwa jaribio hili kashajibu.

Vipimo vya uji: unga gramu 60, yaani vijiko vya chakula sita hivi, kwa maji mililita 750, vikombe vitatu. Koroga unga kwenye maji baridi kwanza, pandisha moto huku unakoroga, chemsha dakika 15 hadi 20. Uji wa ulezi uliotolewa mapema una ladha ya vumbi. Uchachu wa ukwaju, ndimu au mtindi unaukamilisha, na ukiuzoea uchachu, sukari inapungua yenyewe. Kikombe kilichotiwa vijiko vinne vya sukari kimerudi kuwa soda ya moto. Ndizi mbivu iliyopondwa au tende mbili zinatosha.

Anayetaka uji mzito wenye chakula zaidi kwa mtoto au mgonjwa afanye kimea: loweka ulezi usiku mmoja, funga kwenye kitambaa safi chenye unyevu siku mbili mpaka uote vijimizizi, anika ukauke kabisa, saga. Kijiko kimoja cha unga huo kikitiwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo kinaufanya uwe mwepesi, hivyo unaweza kuongeza unga bila uji kuganda. Baada ya kukitia urudishe motoni uchemke tena dakika kadhaa. Kimea chenye harufu ya uvundo au utando wa ukungu kitupwe chote.

Nyota nne. Ungepata tano kama ungeuzwa ukiwa safi.

Kamba ya kuruka

Kwa hela inayogharimu, hakuna kifaa cha mazoezi kinachoishinda, na hakuna kinachonunuliwa vibaya kama hiki. Madukani ziko tatu. Ya uzi wa pamba au katani ni nyepesi, inapoteza umbo hewani, ikilowa jasho inakuwa nzito upande mmoja. Ni ya watoto. Ya waya uliovikwa plastiki inakimbia sana, nzuri kwa bondia, lakini kwa anayeanza inachapa mundi kama fimbo ya mwalimu, na kwenye saruji plastiki yake inaisha wiki chache, waya ukabaki uchi. Ya plastiki nene, milimita 4 au 5, ndiyo ya kununua: ina uzito wa kutosha kuisikia inapozunguka na inavumilia ardhi mbaya. Ikija imekunjamana, itie kwenye beseni la maji ya moto dakika mbili, inyooshe, itundike.

Achana na zenye kihesabio kwenye mkono. Gurudumu lake dogo linashika vumbi, linaganda, na kamba inaanza kujisokota. Hesabu mwenyewe au tumia saa ya simu.

Urefu ndio unaoamua kama utaendelea. Kanyaga katikati kwa mguu mmoja, vuta mikono juu: vishikio vifike kwapani. Kwa hesabu, urefu wako ongeza sentimita 90, hivyo mtu wa mita 1.70 atafute kamba ya mita 2.60. Nyingi zinakuja na mita 3 kwa kila mtu, na kamba ndefu inapiga chini mbele yako, inaruka, inakunasa. Usiikate siku ya kwanza. Fungua kifuniko cha kishikio, piga fundo ndani, rukia wiki moja, ukiridhika ndipo ukate na kuyeyusha ncha kidogo kwa kiberiti isifumuke.

Kuruka kwenyewe ni sentimita 2 au 3 tu kutoka chini, kwa vidole na nyayo za mbele, magoti yamelegea, viwiko karibu na mbavu; kinachozungusha ni kifundo cha mkono, bega litulie. Anayeruka juu kama anakwepa nyoka anachoka dakika ya pili. Wiki ya kwanza: ruka sekunde 20, pumzika 40, mara kumi, siku tatu za wiki zisizofuatana. Wiki ya tatu nenda 30 kwa 30. Mwezi wa pili, 40 kwa 20. Misuli ya shavu la mguu kuuma siku mbili ni kawaida. Maumivu makali mbele ya mundi, kwenye mfupa, ni onyo. Acha wiki moja, tembea, na uliporukia pabadilishwe, maana kwa kawaida ni saruji au vigae. Udongo ulioshindiliwa ni bora, au zulia la mpira. Mkeka unateleza, usiuamini. Mwenye uzito mkubwa, magoti mabovu, ujauzito, au presha ambayo haijatulia aache kamba, atembee haraka kwa mwendo ambao anaweza kuongea ila hawezi kuimba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za namna hiyo kwa wiki, na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Kamba pekee dakika kumi mara tatu haifiki huko, kwa hiyo ichukue kama kianzio. Wala dakika hizo kumi hazifuti chapati moja ya mafuta.

Ili ikae kwenye ratiba, ipachike kwenye kitu ambacho kinafanyika tu hata ukiwa umechoka. Maharage ni jibu zuri. Yaliyolowekwa kwa muda wa saa 8 na kumwagwa maji huchemka saa moja na zaidi bila kukuhitaji, na huo ndio muda wa kamba nje ya mlango. Uji wa ulezi haufai kwa hilo, unataka mwiko muda wote. Na maharage yasiyoiva baada ya saa mbili ni ya zamani. Badilisha muuzaji kabla hujayatia magadi, kwa sababu magadi yanalainisha ganda na kuharibu sehemu ya vitamini B ulizoyanunulia.

Itundike kwenye msumari karibu na mlango. Ukiikunja kwenye droo inashika mikunjo, na juani plastiki inakauka. Kagua inapoingia kwenye kishikio kila baada ya wiki mbili; ndipo inapokatikia. Ukiona mpasuko mweupe hapo, vuta sentimita tano ndani, piga fundo jipya, kata kilichopasuka.